Mwaka Ambao Kamera Haikuuliza

Mume wangu hataki makuu. Watu wanaomsikia akilalamika pale studio kwetu, nyuma ya stendi ya Nachingwea, hudhani anataka kamera ya mamilioni. Hataki. Kamera aliyonayo inampiga mtu picha mpaka unaweza kuhesabu kope zake. Anachotaka Gaudens ni vitu vidogo, vidogo kiasi kwamba ukivisikia unaona aibu kwa niaba ya wale waliovisahau.

Kifuniko cha betri, kwa mfano. Kiko chini ya kamera, palepale inapokazwa stendi ya miguu mitatu. Betri ikiisha katikati ya kazi, na huisha bila kuaga, maana alama inaonyesha vijiti vitatu, vitatu tena, halafu giza, inabidi ufungue skrubu, uishushe kamera, ubadilishe betri, uirudishe juu na uanze upya kupanga watu. Muda wote huo bibi harusi anaungua jua na poda inamtiririka. Kifuniko kingekaa ubavuni, basi, yangekwisha.

Au ile taa ya kuzuia macho mekundu, inayowaka kidogo kabla ya picha yenyewe. Wazee wa huku wakiona mwanga wa kwanza wanajua kazi imekwisha. Wanashusha pumzi, wanainuka, na hapo ndipo kamera inapopiga. Tuna picha nyingi za wazee nusu wamekaa nusu wamesimama, mikono magotini, kama watu waliokumbuka kwamba wameacha sufuria jikoni. Gaudens huizima taa ile kila asubuhi. Ukizima kamera na kuiwasha, taa imerudi. Huwa anaiambia, “Nimeshasema sitaki,” kwa sauti ile ile anayomkanya nayo binti yetu Prisila asilambe sukari.

Mimi ni Lusiana. Nimeolewa na Gaudens miaka kumi na sita, na kwa miaka kumi na miwili nimekuwa msaidizi wake. Ninanyoosha kola za watu, ninashika ubao mweupe wa kurudisha mwanga usoni, ninabadilisha betri. Ninalisema hili mapema ili ijulikane kwamba ninayoyasimulia sikuyasikia kwa jirani. Nilikuwepo, na mkono ulioharibu ni huu wangu.

Huku kwetu picha isiyo na tarehe ni nusu ya picha. Mjini watu wanaona zile namba za rangi ya chungwa kwenye kona kuwa ni uchafu, lakini nenda Chiola, nenda Nkowe, utaulizwa kwanza kama kamera yako inaandika tarehe. Watu wanaitaka kwenye ubatizo, kwenye mahari, na zaidi ya yote kwenye mashamba. Mtu akimwuzia mwenzake eneo, wanaandikiana karatasi, halafu wanamwita Gaudens. Muuzaji, mnunuzi na mashahidi wanasimama kwenye mpaka wameshika ile karatasi, wamenuna kama watu wa kwenye kitambulisho, na kona ya chini kulia inaandikwa siku, mwezi na mwaka. Karatasi italiwa na mchwa. Picha inasafishwa nakala tano, kila mtu anaondoka na yake. Gaudens alianza kazi hiyo kwa kubahatisha tu, lakini mwishowe ndiyo iliyotulisha kuliko harusi zote za Nachingwea.

Sifa yake ilikomaa mwaka 2017, katika kijiji kimoja ng'ambo ya Chinongwe, upande wa Ruangwa. Sitakitaja jina, wanaokaa huko wanajijua. Mjane mmoja aitwaye Goreti alikuwa akigombania na jirani yake mstari wa mikorosho saba. Goreti akaleta picha tuliyoipiga sisi, marehemu mumewe akiwa na muuzaji chini ya mkorosho wa mwisho, tarehe iko wazi. Jirani akadai picha ilipigwa baadaye sana. Mwenyekiti wa baraza la kijiji, Mzee Abdalah, akaagiza mpigapicha aitwe.

Gaudens alivaa shati la Jumapili. Alisimama mbele ya watu akasema kwamba yeye anaweza kusahau na wao wanaweza kusahau, lakini tarehe ya kamera haidanganyi. Watu wakaitikia kwa vichwa. Goreti akapata mikorosho yake, na maneno yale yakatembea kwa bodaboda mpaka vijiji ambavyo sisi wenyewe hatujafika. Baraza likaamua mashauri mengine mawili kwa picha zetu. Siku ile ya Goreti mume wangu alirudi kifua mbele, nami nikamchinjia jogoo. Laiti ningempikia mchicha.

Mwaka uliofuata kikaharibika kitu. Ndani ya kamera kuna betri nyingine, ndogo kama punje ya mbaazi, ambayo kazi yake ni kukumbuka tarehe wakati betri kubwa imetolewa. Yetu ilikufa. Fundi wa Masasi alituambia imechomelewa huko ndani, kuifikia lazima aibomoe kamera yote, na hawezi kuahidi kwamba itajengeka tena. Kitu kinachokufa kwa uzee umekichomelea ndani, ulitegemea nini?

Tangu hapo, kila tukibadilisha betri kubwa, kamera inaamka ikidhani ni tarehe mosi Januari 2013, mwaka ilipotengenezwa. Inakuonyesha tarehe hiyo na kusubiri uirekebishe, siku kwanza, kisha mwezi, kisha mwaka, kisha saa. Ukibonyeza kitufe cha kukubali mahali popote hapo katikati, inakubali na kuendelea na kazi. Kadi iliyo tumboni mwake imejaa picha za 2019, lakini ukiiambia kwamba leo ni 2013 haishangai. Gaudens alikuwa akisema kila mara kwamba hamdai mtengenezaji chochote ila swali moja. Kamera ingeuliza tu: una uhakika? Hata mama muuza vitumbua ukimpa noti kubwa anauliza kama umekusudia vyote.

Mimi nilikuwa nikimwambia aache kugombana na chuma.

Mfugaji mmoja, Shilinde, alifika kijijini kwa kina Goreti mwaka 2018 na ng'ombe wake kutoka upande wa Ziwa, yeye na mkewe Eliza, watoto wanne, na baba yake mzazi, Mzee Ngolo, ambaye alitembea kwa fimbo mbili na hakujua Kiswahili zaidi ya salamu. Watu wa kijiji kile ni wakulima, Wamwera wengi wao Wakatoliki, na waliwaona ng'ombe kwa woga. Maneno yalikuwa mengi, mengine ya haki, kwa sababu ng'ombe na mbaazi havijawahi kuelewana. Lakini Mzee Saturnini, mjane, mwanakwaya wa miaka yote, alimpenda Shilinde. Wanawe walikuwa Dar es Salaam na hawakuja hata Krismasi. Akamwuzia Shilinde kipande chenye bonde la maji kwa mitamba mitatu. Wakaandikiana mbele ya mtendaji, halafu wakatuita.

Ilikuwa tarehe kumi na nne Agosti 2019, kesho yake Sikukuu ya Bikira Maria Kupalizwa Mbinguni. Saturnini alikuwa amevaa tayari sare ya kwaya, maana gari la kuwapeleka parokiani kwa mkesha lilikuwa linamsubiri barabarani na alitaka awahi kuungama. Gaudens akawapanga. Saturnini ameshika kamba ya mtamba mmoja, Shilinde ameshika karatasi, mashahidi wawili kulia na kushoto. Mmoja wa mashahidi alikuwa Eustace, shemeji yake Saturnini. Mzee Ngolo akaletewa kigoda mbele. Ile anataka kubonyeza, vijiti vitatu, giza.

Gaudens akafungua skrubu huku ameuma meno. Nikaipokea kamera nikabadilisha betri. Honi ya gari la kwaya inalia. Tarehe mosi Januari 2013 ikatokea kwenye kioo, nami nikaanza. Siku: nikapanda mpaka kumi na nne. Mwezi: nikapanda mpaka wa nane. Hapo mtamba akavuta kamba, Saturnini akayumba, watu wakacheka, Gaudens akaita, “Mama Prisila, tayari?” Nikabonyeza kukubali.

Ndiyo hivyo tu. Nani anafikiria mwaka? Siku unaweza kuikosea, mwezi unaweza kuuchanganya, lakini mwaka mtu anaishi ndani yake. Nilimrudishia kamera, akaikaza, akapiga mara tatu, Saturnini akakimbilia gari akishika kofia. Jioni ile nyumbani tuliibadilisha betri tena, nikaweka tarehe upya, na mwaka ukawa sawa.

Mtauliza kwa nini hatukuona wakati wa kusafisha picha. Kwa sababu namba zile ni za rangi ya chungwa na kamera yetu haina rangi nyingine, na kona ya chini kulia ya picha ile ni udongo wa kule, ambao ni mwekundu kama ngeu. Namba zilizama kwenye udongo. Ukiangalia unajua kuna tarehe, unaridhika kwamba ipo, huisomi. Gaudens aliwahi kuandika nyuma ya daftari la studio kwamba tarehe ingekuwa na mstari mweupe kuizunguka ingesomeka popote. Aliandika hilo miaka mingi kabla, kwa ajili ya picha nyingine kabisa.

Miaka ikapita. Mzee Ngolo akafariki, Shilinde akamzika pale pale bondeni, na kwa watu wa kabila lake kuzika baba mahali ni kusema sasa nimefika. Kompyuta yetu ikaunguzwa na umeme, picha za miaka mitano zikaenda nayo. Mwaka 2023 akafariki Saturnini. Mwanawe mkubwa, Rogath, aliyepunguzwa kazi Dar, akarudi na familia yake kuishi nyumba ya baba, akakuta bonde lenye maji la ukoo wao lina ng'ombe wa mtu.

Rogath si mtu mbaya. Nampa haki yake. Alikuwa na watoto na hakuwa na pa kulima pazuri, na huenda aliamini kweli kwamba baba yake hakuuza. Lakini kuamini kunakuwa rahisi sana pale unapokufaa. Nakala ya Shilinde ya mkataba ilikuwa imeliwa na mchwa ndani ya sanduku. Nakala ya ofisi ya kijiji ilipotea ofisi ilipohama jengo, na mtendaji aliyeiandika alikuwa ameshahamishwa, hakuna aliyejua wapi. Mashahidi walikuwa wawili. Mmoja amekufa, na wa pili, Eustace, mjomba wake Rogath, alikuwa amepatwa ghafla na maradhi ya kusahau, ingawa anakumbuka bei ya korosho ya kila msimu. Ikabaki picha. Shilinde hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Alikuwa amesikia, kama wote walivyosikia, kwamba tarehe ya kamera haidanganyi.

Baraza lilikaa Julai ya mwaka jana, ndani ya ghala la korosho, maana msimu ulikuwa bado na ghala lilikuwa tupu. Tulienda kwa pikipiki yetu, Gaudens amevaa lile lile shati la Jumapili. Nilikaa nyuma kabisa juu ya gunia lililokunjwa, pembeni ya Eliza, ambaye alinishika mkono kunisalimia na hakuuachia. Shilinde akatoa picha yake kwenye plastiki. Mzee Abdalah akaitazama, akaipitisha kwa wajumbe, kila mmoja akaisogeza karibu na jicho na kuitikia kwa kichwa.

Ndipo Rogath akaomba kusema. Alikuwa na nakala ya baba yake, ameipiga kwa simu na kuikuza. Akapeleka simu kwa mwenyekiti, akasoma kwa sauti, taratibu, kama mwalimu anayesoma matokeo. Kumi na nne, mwezi wa nane, elfu mbili na kumi na tatu. Akauliza ni nani kijijini aliyemwona Shilinde mwaka huo. Akauliza ni ng'ombe gani waliokuwepo. Akasema kwamba picha hii imetengenezwa kwenye kompyuta, na waliotengeneza wameshindwa hata kukumbuka mwaka wa uongo wao.

Niliiona siku ile yote, honi, mtamba, kidole changu kwenye kitufe. Eliza alinigeukia akitaka kujua kwa nini nimebana mkono wake.

Mwenyekiti alipotoa mapumziko nilimvuta Gaudens nyuma ya ghala nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza tu kama alama ilikuwa imeshafika kwenye mwaka au bado. Nikasema sijui. Akapiga teke tofali, akakaa chini, akaanza kuitukana kamera kwa Kimwera, na mimi pia kidogo. Nilijua anachofikiria kwa sababu mimi pia nilikifikiria. Angeweza kusema kwamba hakumbuki, kwamba ni zamani, kwamba nakala zimeungua. Jina lake lingebaki zima. Angesema kamera imekosea, basi picha zote alizopiga katika vijiji vyote zingeanza kuangaliwa kwa jicho la pembeni, na sisi tungekula nini?

Nilimwambia kwamba asiposema yeye, nitasema mimi. Nilikuwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe.

“Nitasema,” alinijibu. “Lakini Mama Prisila, hawatanisikia.”

Alirudi ndani, akasimama, akaeleza yote. Betri kubwa na betri ndogo, siku, mwezi na mwaka, na gari la kwaya. Alieleza vizuri. Alisema siku ni ya kweli na mwezi ni wa kweli, na kwamba yeyote anayemkumbuka Saturnini akikimbilia mkesha na sare yake anajua ulikuwa mwaka gani. Aliyemjibu ni Mzee Abdalah. Ni mzee mwungwana, sijawahi kumsikia akipaza sauti.

“Gaudens,” alisema, “mwaka ule wa Goreti ulisimama mbele yetu ukatuambia tarehe ya kamera haidanganyi. Tumemaliza mashauri matatu kwa neno lako. Nikikubali leo kwamba inadanganya, kesho asubuhi jirani yake Goreti yuko mlangoni kwangu, na wale wengine nyuma yake. Sasa nisaidie, mwanangu. Ulitudanganya siku ile, au unatudanganya leo?”

Mimi nikasimama. Nikasema si yeye, ni mimi, mkono ni wangu, niulizwe mimi. Nikaonyesha kwa kidole nilivyobonyeza. Kuna watu walicheka, si kwa ubaya, na Eustace, ambaye siku hiyo alikumbuka kusema, akasema kwamba mke asipomtetea mumewe atamtetea nani. Nikakaa. Sijawahi kuchukia watu wote wa ndani ya jengo moja kwa wakati mmoja kama nilivyowachukia siku ile.

Wajumbe waliamua kwamba kamera haikosei. Kama kamera haikosei, basi picha ya mwaka 2013 yenye mtu aliyefika 2018 ni picha ya kughushi, na mkataba haupo. Walimshauri Shilinde aondoke baada ya kuvuna, na wakamwambia, kama taratibu zinavyotaka, kwamba asiporidhika anaweza kwenda mbele, wilayani, mpaka Lindi.

Shilinde hakubishana. Alisimama, kofia mkononi, akauliza jambo moja tu, kama kaburi la baba yake litalimwa. Rogath akasema hapana, hakuna atakayeligusa, na nadhani kwa moyo wake alijiona mkarimu.

Nje Gaudens alimfuata akamwambia kwamba atakwenda naye Lindi, atasema kila kitu, ataibeba kamera yenyewe na kuwaonyesha jinsi inavyokubali mwaka wowote. Alikuwa anaongea haraka kama mtu anayeuza kitu. Shilinde alimsikiliza kwa heshima.

“Fundi, kesi ni ndefu,” alimjibu. “Ng'ombe hawali kesi.”

Kutoka pale mpaka Nachingwea nililia nyuma ya mume wangu kwenye pikipiki, vumbi likanigandia usoni, na tulipofika Prisila alituuliza nani amekufa.

Wiki zilizofuata zilikuwa za ajabu. Gaudens hakuaminiwa na waliomwona mwongo, na hakuaminiwa na waliomwona mkweli pia. Watu walikuja studio na picha zao za zamani wakamwuliza kwa sauti ya chini, na hii nayo? Kazi za mipaka zikakoma, watu wakaanza kupigana picha kwa simu zao. Siku moja akaja Goreti, amepanda bodaboda kutoka kijijini kwake, safari ya nusu siku, na kuku wawili mkononi. Nilidhani amekuja kutupa pole. Alikuja kumwomba Gaudens asirudie tena mbele ya mtu yeyote kwamba kamera ile hukosea. Alimwomba kwa magoti, mama mtu mzima, kwa ajili ya mikorosho saba. Gaudens akamwinua. Alimwambia kwamba tarehe yake yeye ni ya kweli, betri ndogo ilikuwa hai bado. Goreti hakuelewa habari za betri, alitaka ahadi tu. Akamwahidi. Kuku wale sikuwachinja, bado wanarandaranda uani na nikiwaona nakosa hamu ya kula.

Jioni hiyo alichukua daftari lake akaandika barua kwa watengenezaji. Alikuwa akitishia kuiandika tangu tuinunue kamera. Nilichungulia. Hakuweka kifuniko wala taa ya macho mekundu. Aliandika kwa herufi kubwa kwamba kamera yenu inajua imetoka 2019, kwa nini mnaikubalia irudi 2013 bila kumwuliza mtu? Halafu chini yake akaandika kwamba kuna mzee anaitwa Ngolo. Hakuendelea. Hakujua anwani, na hata kama angeijua, ungemweleza vipi mtu aliyekaa ofisini huko ng'ambo, anayebadilisha betri yake kwenye meza yenye kivuli, mambo ya mitamba mitatu na gari la kwaya?

Mwezi wa tisa Shilinde akapiga simu. Walikuwa wanahamia upande wa Liwale kabla ya mvua, akataka picha ya familia. Gaudens alisita. Nadhani aliogopa kumwangalia usoni. Nikamwambia kama hataki nitaenda peke yangu, na kamera nitaiharibu.

Tulikuta zizi limeshabomolewa, vyombo vimefungwa kwenye mikokoteni miwili. Eliza alikuwa amefagia kaburi la baba mkwe wake na kulizungushia mawe mapya. Familia ikasimama nyuma yake, watoto wameoga, nywele zao bado zina maji. Betri ilikuwa imejaa, lakini niliitoa nikairudisha makusudi, ili tarehe ifutike nianze upya bila honi na bila haraka. Siku. Mwezi. Mwaka. Nikapanda mmoja mmoja, kumi na nne, kumi na tano, kumi na sita, mpaka ishirini na nne. Nikasoma mara tatu. Nikampa Gaudens naye asome. Halafu nikaivuka ile nafasi kati yetu nikaenda mpaka kwa Shilinde, nikamwonyesha kioo ili aone mwenyewe kwamba mara hii mwaka ni wenyewe.

Akatazama kwa makini. Akarudisha kamera mkononi mwangu.

“Mama, hizo namba ziondoe,” alisema. “Hii picha hatutamwonyesha mtu.”

Gaudens akaichukua. Kuondoa tarehe kwenye kamera ile ni kuingia ukurasa wa nne wa mipangilio, kushuka mistari tisa, kisha kufungua ukurasa mwingine ndani ya huo. Hakuwahi kuiondoa tangu tuinunue. Alitafuta, akapotea, akarudi mwanzo, akaanza tena, jasho likimdondoka kwenye kioo. Na muda wote huo walikuwa wamesimama pale pembeni ya kaburi la Mzee Ngolo, wametulia, wanaitazama lenzi, wakisubiri.